Shikamoo, Begi

Nchi ya Vyomboni haimo katika ramani, na ukimuuliza wakala wa tiketi atakutazama kama umechanganyikiwa. Lakini Yusta Kihwelo alifika huko, na jinsi alivyofika si habari ya kutupotezea muda. Habari ni kwamba nusura asirudi.

Yusta alikuwa na miaka ishirini na sita, amepanga chumba kimoja Sinza, akifanya kazi ya kupokea simu za wateja wenye hasira. Siku nzima aliwaambia watu "pole sana kwa usumbufu", na jioni alijilaza kitandani akatazama wenzake walioko safarini. Huyu yuko mlimani, yule yuko ndani ya bwawa la maji ya bluu, mwingine anakula kitu kisichojulikana kwa kijiko kirefu. Kila picha ilimchoma. Alikuwa na falsafa yake juu ya jambo hilo, aliyoitunga akiwa kwenye foleni ya bafu la nyumba nzima: kwamba mtu hasafiri ili aone, husafiri ili aonekane, na asiyeonekana ni sawa na ambaye hakutoka kwao. Tusimcheke. Wengi wetu tunaishi hivyo hivyo, ila hatusemi.

Basi alipopata likizo alijiandaa vilivyo. Alinunua begi jekundu la magurudumu, magauni manne, raba nyeupe, kofia pana na miwani. Lebo hakuzikata. Alizikunja akazificha kwapani na shingoni, maana nia yake ilikuwa avae, apige picha, kisha akirudi avipeleke dukani aseme havikumtosha. Kitu kimoja tu cha zamani kiliingia begini: ndala zake za bluu za kuogea, ambazo kamba ya mguu wa kushoto ilishachomoka zamani ikawa inashikiliwa kwa pini. Alizitia kwenye mfuko wa plastiki na kuzisukumia chini kabisa, mtu asizione.

Mpakani palikuwa safi na kimya. Afisa wa zamu alikuwa mtu mzima mwenye mvi, rika la baba yake. Yusta alipofika dirishani, mzee yule alisimama na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.

Yusta alishtuka. Kwao mtu wa umri ule hamwamkii binti. Kwa kuchanganyikiwa akajikuta anaitikia, "Marahaba."

"Sikukuamkia wewe," afisa akasema, bila kukunja uso. Akainama zaidi, macho yake kwenye begi. "Shikamoo, begi. Karibu sana Vyomboni. Umekuja na nani?"

Yusta akacheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Afisa alitulia kidogo kama anayesikiliza jibu, akaandika, kisha akachukua utepe wa karatasi na kumfunga Yusta kwenye kifundo cha mkono. Uliandikwa: MTU MMOJA. WA BEGI JEKUNDU.

"Pita, Dada Begi," alimwambia. "Angalia usije ukampotea mwenye mali."

Hivyo ndivyo alivyoingia, na siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Vyomboni huitwa kwa kitu kinachommiliki, kwa hiyo njiani alikutana na akina Mama Birika, Baba Kabati na Bi Cherehani, wote wakitembea hatua mbili nyuma ya vitu vyao. Kitu kipya huamkiwa na wazee, kwa sababu hakijachagua mtu wake na lazima kibembelezwe. Hotelini viti vilikuwa vimepumzika na walaji wamechuchumaa sakafuni. Katika nyumba moja dirisha lilikuwa wazi, akaona familia nzima imepanga mstari mbele ya televisheni iliyozimwa, imesimama wima. Jirani alimweleza kwamba ilikuwa zamu ya televisheni kutazama.

Mchana alipanda kwenye jukwaa la wageni katika bunge lao, akasikiliza hoja ya jokofu lililotaka ruhusa ya kubadilisha mtu kabla ya muda wa kisheria wa miaka miwili. Msemaji wake alikuwa na uchungu wa kweli.

"Mheshimiwa Spika, watu wa siku hizi hawadumu! Watu wa zamani walikuwa watu. Ulikuwa unamchukua mmoja, unamtumia miaka hamsini, hana tatizo. Huyu wa sasa miezi mitatu tu keshaanza kukohoa, na ukitafuta vipuri vyake havipatikani!"

Bunge zima liligonga meza, kisha likaziomba meza radhi. Yusta alirekodi yote, tumbo likimuuma kwa kujizuia asicheke. Alijiona amepata dhahabu, kwani hakuna rafiki yake yeyote aliyewahi kutuma video ya namna ile.

Chumbani kwenye nyumba ya wageni, kitanda kilitandikwa kwa ajili ya begi. Yeye aliwekewa mkeka. Alipiga picha. Ukutani palikuwa na tangazo ndani ya fremu nzuri ya dhahabu, akasimama mbele yake akapiga picha nyingine, na maandishi hakuyasoma. Kisha akaenda kuoga, na katika kutoka bafuni ile pini ya ndala ilifyatuka ikapotea, kamba ikachomoka, nusura aanguke. Akasonya. Akazitosa ndala zote mbili kwenye ndoo ya taka, akajiambia kesho atanunua nyingine, na hapo hapo akazisahau.

Lile tangazo, kama angelisoma, lilisema hivi: VYOMBONI HAKITUPWI KITU.

Asubuhi alipoamka, begi halikuwepo. Alitoka koridoni kwa haraka akaliona linaingia chumba cha jirani, likiburutwa na msichana mrefu aliyevaa nguo nyekundu za kulandana nalo. Yusta alipaza sauti. Aliyemjibu ni mfanyakazi wa usafi, mwanamke mpole wa makamo, yule yule Mama Birika wa njiani, na nyuma yake walisimama askari wawili.

"Begi limeomba mtu mwingine, mwanangu," Mama Birika alisema. "Limesema hamjuani."

"Limesema? Begi limesemaje? Ni begi langu! Nimelinunua mwenyewe!"

Mama Birika aliziba mdomo kwa kiganja, kama mtu aliyesikia tusi mbele ya watoto. Askari mmoja aliukata ule utepe wa mkononi kwa mkasi. Ilikuwa karatasi tu, lakini Yusta alipoona mkono wake mtupu, alielewa kwamba tangu jana hakuna aliyekuwa anamtania.

Walimpeleka Bohari la Wasiodaiwa. Lilikuwa jengo refu lenye rafu kutoka sakafuni hadi juu, na kwenye rafu walikaa watu, miguu inaning'inia, kila mmoja na kadi shingoni. Hapakuwa na kelele wala uchafu. Mhudumu alipita na kitambaa cha kufutia vumbi, akawafuta nyuso mmoja baada ya mwingine, na wengi walifumba macho wenyewe kabla hajawafikia. Yusta alipandishwa rafu ya pili.

"Dada, wewe ni Mtanzania?" sauti ikamuuliza kando. "Nimekusikia ukisema 'jamani'."

Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mtanashati, shati limenyooka. Alijitambulisha: Masalu, mtu wa Mwanza, muuza simu. Alikuja kutembea kama yeye, na begi lake jipya likamkataa kama la Yusta.

"Sasa wanatufanya nini hapa?" Yusta aliuliza.

"Kuna siku tatu. Ndani ya siku hizo unapelekwa barazani, wanaangalia kama kuna kitu chochote kinachokujua. Kikikujua, unaondoka nacho. Kisipokuwepo, wanakugawa."

"Wananigawa kwa nani?"

"Kwa vitu vyenye upungufu wa mtu. Mimi jana nilikosa. Leo naenda." Alionyesha kadi yake. "Nimepewa kioo. Kile kikubwa cha duka la nguo, kipo njia ya mpakani. Kazi yangu kusimama mbele yake, kisikae kitupu. Si kazi mbaya sana. Kuna mwenzetu amepewa kitasa."

Alisema kwa utulivu, ila vidole vyake vilikuwa vinakwangua ubao wa rafu bila kukoma.

"Mpaka lini?"

Masalu alimsogelea. "Sikiliza, dada. Sheria yao ina mlango mmoja. Kitu chako cha zamani kikija kukudai, hata baada ya miaka, wanakutoa. Nina dada yangu, Kabula, anakaa kwenye nyumba yangu. Ukitoka humu mpigie. Mwambie alete kitu changu chochote kilichochakaa. Chochote, hata kijiko. Simu zetu wamezichukua, kwa hiyo shika namba kichwani."

Alimkaririsha namba ile, tarakimu kumi, mara thelathini huenda na zaidi, kama mwalimu na mwanafunzi. Waliendelea mpaka askari walipokuja kumshusha. Masalu alijinyoosha shati, akashuka, akatoka bila kugeuka. Yusta alibaki anarudia namba huku machozi yanamtiririka, na mhudumu akaja akayafuta kwa kitambaa kile kile cha vumbi.

Baraza la Madai lilikutana kesho yake saa tatu asubuhi, katika ukumbi ambao hakuna mtu aliyeketi. Kiti kikubwa cha mbele ndicho kilichoongoza shauri. Mtu wake, bwana mnene mwenye joho, alisimama nyuma yake akitamka kwa niaba yake. Pembeni walikuwepo wazee wawili wa baraza. Mezani vilipangwa vitu vyote vya Yusta, na nyuma ya meza alisimama mwanamke mwembamba aliyeitwa Mama Sindano, msoma mikwaruzo.

Kazi hiyo kwetu haipo. Msoma mikwaruzo hukipokea kitu, hukinusa, hupitisha kidole gumba, hukiinua kwenye mwanga na kutafuta mahali mtu aliposugua, alipoegemea, alipomwaga. Kwa alama hizo husema kama kitu kinamjua mtu au hakimjui. Wanasema hajawahi kukosea.

Mama Sindano alianza na magauni. "Jasho la saa mbili. Lebo ipo kwapani, imekunjwa. Halimjui." Raba: "Zimekanyaga zulia, na jiwe moja la kupigia picha. Hazimjui." Kofia, miwani, yote yale yale. Akafika kwenye simu, na Yusta akapata matumaini, maana kama kuna kitu alichokishika usiku na mchana ni kile.

Mama Sindano aliigeuza mara mbili. "Ina kava. Juu ya kioo chake pana kioo kingine. Mtu huyu hajaigusa hata siku moja. Kava ndilo linalomjua kidogo, nalo lina wiki mbili."

"Naomba kuuliza," mzee wa kwanza wa baraza alisema. "Humu ndani zimo picha mia tatu za mtu huyu akiwa pamoja na vitu hivi. Huo si ushahidi?"

"Hapana, mwenzangu," mzee wa pili akajibu. "Picha inathibitisha kwamba yeye alikuwa navyo. Haithibitishi kwamba vyenyewe vilikuwa naye."

Wakajadiliana juu ya hilo karibu nusu saa, kwa heshima kubwa, wakinukuu vifungu. Yusta alisimama katikati akiwaza kitasa. Je, mtu wa kitasa hulala? Huwa anaruhusiwa kuketi? Alijaribu kukumbuka kitu chochote chake kilichomo mle ukumbini chenye zaidi ya mwezi mmoja, akakosa. Hata hereni za masikioni zilikuwa mpya.

Hapo mlango ukafunguka na Mama Birika akaingia, ameshika mfuko wa plastiki kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa Kiti," alisema, "nimezikuta kwenye ndoo ya taka. Chumba namba saba."

Akazitoa ndala za bluu, akaziweka mezani. Ukumbi mzima uliguna. Mwanamke mmoja nyuma alianza kulia. Zilikuwa mbaya kuliko Yusta alivyozikumbuka. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika upande mmoja mpaka kikawa chembamba kama karatasi, vidole vimechora vivuli vyeusi, na kamba ilikuwa imelala nje ya tundu lake.

Mtu wa Kiti alisema taratibu, "Kuna mawili. Kama ndala hizi zinamjua mtu huyu, zina haki ya kumdai. Na kama ni yeye aliyezitupa, zina haki ya kumkana, naye atapewa jalala alihudumie maisha yake yote. Binti, ndala hizi ni zako?"

Watu wote walikuwa wanamtazama. Vijana wa rika lake walikuwepo, wamevaa vizuri. Nuru ya asubuhi ilikuwa imeangukia mezani pale pale, juu ya ule uchafu.

"Hapana," Yusta akasema. "Si zangu."

Laiti angalau ingekuwa ni hofu ya jalala. Haikuwa hiyo, na baadaye mwenyewe alikiri. Ilikuwa aibu. Maisha yake yote yalikuwa yamelala juu ya meza ile, na yeye aliona haya watu wasije wakadhani kwamba ndala za namna ile ndizo anazovaa.

Mtu wa Kiti aliinua mkono kufunga shauri, lakini Mama Sindano alikuwa ameshaichukua ndala ya kushoto. Msoma mikwaruzo akishaanza kusoma hakatizwi, ndiyo desturi.

"Ni za mwanamke anayeishi peke yake," alisema. "Hukanyaga upande wa nje. Hapa pana sabuni ya mche, anafua amechuchumaa. Hapa pameungua kwa mafuta ya moto, kwa hiyo jiko lake liko chini, karibu na mlango, na chumba ni kidogo." Akaileta ndala karibu na jicho. "Vidole vimechimba sana huku mbele. Si kwa kutembea. Huyu husimama kwa ncha za vidole, mahali pamoja, muda mrefu. Kila wiki. Kuna kitu anakifuata juu."

Yusta alijua ni nini. Mtandao chumbani kwake haushiki ila kwenye kidirisha cha juu, na kila Jumapili mama yake akipiga kutoka Kilolo, yeye huinuka kwa vidole, sikio kwenye nondo za dirisha, akasikiliza habari za mahindi na za msiba wa fulani na za mguu unaouma. Wakati mwingine saa nzima. Akimaliza, mashavu ya miguu humuuma mpaka jioni. Hajawahi kumsimulia mtu jambo hilo, na hakujua kwamba kuna kilichokuwa kinaliandika.

"Ni zangu," akasema, na kilio kikamtoka. "Nimedanganya. Ni zangu, na nimezitupa mimi. Niliona haya."

Baraza lilinong'onezana. Kisha hukumu ikatamkwa. Yusta atazivaa ndala na kutembea kuelekea mpakani. Zikimfikisha, zimemdai na zimemsamehe. Zikichomoka njiani, zimemkana, na pale zitakapochomokea ndipo atakapobaki. Asisimame, kwa kuwa ndala ikisimama imefika. Na asichukue kitu kingine chochote, kwani vile vingine ni raia huru.

"Naomba pini," Yusta alisema. "Pini moja tu. Kamba haishiki bila pini."

Mzee wa kwanza aliona ombi ni la haki. Mzee wa pili akapinga vikali: ndala ni shahidi, na kumkarabati shahidi katikati ya shauri ni kumshawishi. Hoja yake ilipita.

Yusta aliirudisha kamba kwenye tundu lililopanuka, akaingiza mguu. Ndala ilimpokea. Vidole vilienda kwenye vivuli vyao bila kutafuta. Na hapo ndipo alipokumbuka kwamba anajua kutembea hivi. Kila mtu aliyewahi kukatikiwa na ndala njiani anajua: huuinui mguu. Unaibana kamba kwa kidole gumba na cha pili, unauburuta mguu, unyayo hauachani na ardhi, nyonga inapinda kidogo. Ni mwendo wa kuchekesha. Alikuwa akiutumia kila asubuhi kutoka chumbani hadi bafuni, akiomba asikutane na mpangaji yeyote.

Akaanza. Hatua ya kulia, kuburuta. Hatua ya kulia, kuburuta. Ili asisikie moyo wake, akawa anaitaja namba ya Masalu, tarakimu moja kwa kila mburuto. Sifuri. Saba. Askari wawili walimfuata. Mtaa ulikuwa wa mawe madogo, na kila jiwe alilipima kwa macho kabla ya kulifikia. Wakazi walitoka na vitu vyao kutazama. Jasho lilimwingia machoni hakuthubutu kulifuta. Mara mbili kamba ilijivuta juu, mara mbili akaihisi inaelekea kutoka, akabana vidole mpaka vikashikwa na mkakamao, ikarudi.

Lile duka la nguo lilikuwa kwenye kona ya mwisho, na kioo chake kilielekea barabarani. Masalu alikuwa mbele yake. Alikuwa anageuka upande wa kulia, kisha wa kushoto, anavuta tumbo ndani, anainua kidevu, anatabasamu, anaanza upya. Walikuwa wamemvalisha koti zuri. Macho yao yalikutana ndani ya kioo.

Hakuacha kugeuka. Midomo yake tu ilitaja, bila sauti: Kabula.

Yusta hakusimama. Alitaka kusimama kuliko kitu chochote, na aliogopa kuliko alivyotaka, kwa hiyo akaburuta mguu, akataja tarakimu iliyofuata, na kona ikapita.

Lango la mpaka lilikuwa limefungwa. Afisa mwenye mvi alikuwa analifungua polepole, kwa adabu, asiliumize. Yusta hangeweza kusimama, basi akawa anakanyaga pale pale, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kila mara akiisikia ile kamba inasogea kidogo zaidi. Afisa aliziangalia ndala.

"Mnakwenda wapi?" akaziuliza.

"Nyumbani," Yusta alisema, amekaribia kupiga kelele.

"Sikukuuliza wewe," mzee akajibu. Akasubiri. Sijui alisikia nini. Akasogea pembeni, na Yusta akapita.

Alirudi Sinza bila begi, bila simu, bila picha hata moja. Kazini walimuuliza safari ilikuwaje, akasema nzuri. Ndala alizitia pini mpya, akaziweka kichwani pa kitanda. Kuna wakati alikuwa akizunguka chumbani akigusa sufuria, ndoo, kochi, kimoja kimoja, akikitazama kwa wasiwasi kama mtu anayejipendekeza kwa wakwe.

Siku ile ile aliyofika, kabla hata ya kuoga, aliazima simu ya mpangaji wa chumba cha pili akapiga namba ya Mwanza. Ilipokelewa mara ya tatu.

"Kama ni wale matapeli wa 'tuma kwenye namba hii', mimi hela sina," sauti ya mwanamke ilisema.

"Hapana dada. Wewe ni Kabula? Nimetoka kwa Masalu."

Maswali yakaja kwa fujo, yuko wapi, anaumwa, mbona simu haipatikani. Yusta alimweleza alivyoweza. Alijua anasikika kama kichaa, kwa hiyo mwishoni aliacha kueleza akaomba tu: kitu chake kimoja cha zamani, alichokitumia mpaka kikachakaa. Kikombe, kitana, mkanda, chochote. Kabula alilia kidogo, akasema asikate simu, anaingia chumbani kwake kutafuta.

Yusta alisubiri, amesimama kwa ncha za vidole kwenye kidirisha. Alisikia kabati linafunguliwa, droo zinavutwa, masanduku yanaburutwa kutoka uvunguni. Alisikia karatasi za nailoni zikichakarishwa. Ilichukua muda mrefu. Kabula aliporudi alikuwa anahema, na sauti yake ilikuwa na matumaini.

"Dada, vipo vingi kweli. Mashati, viatu, simu mbili zipo kwenye boksi. Ila vya zamani sivioni, yeye vya zamani alikuwa hakai navyo. Vyote hivi ni vipya, vina lebo zake kabisa. Vipya si ndiyo bora zaidi?"